Harry Goldblatt: Daktari aliyebana mishipa ya mbwa, akafumbua fumbo la presha

Mwanza. Kliniki za wajawazito jijini Mwanza huwa na utaratibu uleule: mama anapimwa uzito, anapimwa mkojo, kisha anafungwa kipimo cha presha mkononi. Wapo wanaotoka mitaa ya jirani, na wapo waliovuka ziwa kwa kivuko kutoka Ukerewe.

Kipimo kikisoma 140/90 au zaidi, na mimba imevuka wiki 20, hapo hakuna utani. Huenda ni mwanzo wa kifafa cha mimba, na safari ya Bugando inaweza kuanza siku hiyohiyo.

Mengi yanayojulikana leo kuhusu presha hiyo yamepitia kwa mtu ambaye hakuwa hata daktari wa wajawazito. Anaitwa Harry Goldblatt.

Ni nani huyu?

Alizaliwa mwaka 1891 Muscatine, mji mdogo katika jimbo la Iowa, Marekani. Alisoma udaktari Chuo Kikuu cha McGill, Canada, akahitimu mwaka 1916. Alianza na upasuaji, baadaye akahamia patholojia, yaani kazi ya kutafuta chanzo cha ugonjwa kwenye viungo, hata vya marehemu.

Kazi hiyo ndiyo iliyomfungua macho. Akipasua miili ya watu waliokufa na presha ya kupanda, aliona kitu kinajirudia: mishipa inayopeleka damu kwenye figo ilikuwa imekuwa myembamba.

Wakati huo madaktari wengi waliamini presha ndiyo inayoharibu figo. Goldblatt akajiuliza, je, kama ni kinyume chake? Kama figo ikikosa damu ya kutosha ndiyo inapandisha presha?

Kibanio cha fedha

Swali kama hilo huwezi kulijibu kwa kumbana binadamu mishipa. Akiwa Cleveland, Ohio, alitengeneza kibanio kidogo cha madini ya fedha, kinachokazwa na kulegezwa kama skrubu. Akawafanyia upasuaji mbwa chini ya ganzi, akakifunga kwenye mishipa ya figo na kupunguza damu bila kuikata kabisa.

Presha za mbwa hao zikapanda, na pale mishipa ya figo zote mbili ilipobanwa, zikabaki juu. Mwaka 1934 yeye na wenzake wakachapisha matokeo. Kwa mara ya kwanza, watafiti walikuwa na njia ya uhakika ya kuitengeneza presha ya kudumu kwa mnyama na kuichunguza hatua kwa hatua.

Miaka minne tu baadaye, madaktari Marekani waliripoti mtoto wa miaka 5 aliyetolewa figo moja mbovu, na presha yake ikashuka.

Kutoka figo hadi kondo la nyuma

Wengine wakaibeba hoja yake kwenye uzazi. Mwaka 1940 watafiti, akiwemo daktari Ernest Page, walibana mshipa mkuu wa damu chini ya figo za mbwa wenye mimba, ili mfuko wa uzazi upate damu kidogo. Presha ikapanda. Kwa wasio na mimba haikuwa hivyo.

Ila kuna ugumu. Wanyama wengi hawapati kifafa cha mimba kiasili, hivyo mbwa, panya na nyani wa maabara huonyesha kipande tu cha ugonjwa, si ugonjwa mzima. Kipande kikubwa kilipatikana mwaka 2003, watafiti wa Boston walipowapa panya wenye mimba protini inayomwagwa kwa wingi na kondo la nyuma lenye shida. Panya hao walipanda presha, na protini ikaonekana kwenye mkojo, kama ilivyo kwa akina mama.

Ndiyo maana tiba kamili mpaka leo ni mtoto na kondo la nyuma kutoka. Kabla ya hapo, madaktari hushusha presha na kuzuia degedege kwa magnesiamu salfeti. Si kurogwa, wala si majini.

Alichoacha

Goldblatt alifariki mwaka 1977. Hakuiona captopril, dawa ya presha iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981, inayozuia mfumo uleule wa figo aliousumbukia maisha yake yote.

Lakini hapa mjamzito awe makini: captopril na ndugu zake kama enalapril na losartan zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Anayezitumia na akagundua ana mimba amwone daktari haraka abadilishiwe, asiache tu kimyakimya.

Na ukiona kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, maumivu juu ya tumbo, au uso na mikono imevimba ghafla, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo.