Helen Richey: Rubani aliyepewa kazi akanyimwa kuruka

Vijana wanaotaka urubani huanza na swali la ada ya chuo. Ni swali la haki, maana ada hiyo ni mzigo mkubwa. Lakini lipo swali jingine ambalo wengi hawaliulizi hadi leseni iko mkononi: nani atakuajiri, na akishakuajiri, atakupa ndege uirushe kweli au utabaki kuvaa sare tu?

Katika makala yetu ya maisha ya watu mashuhuri, safari hii tunakwenda Marekani, miaka ya 1930, kumtazama mtu aliyekutana na swali hilo uso kwa uso. Ni Helen Richey, mwanamke wa kwanza kuajiriwa nchini humo kuwa rubani wa ndege za abiria zenye ratiba. Aliyemwajiri hakuwa shirika kubwa. Lilikuwa shirika dogo la ndege, Central Airlines, lenye makao katika jimbo la Pennsylvania.

Helen alizaliwa Novemba 21, 1909, katika mji wa McKeesport, karibu na Pittsburgh. Ni eneo la viwanda vya chuma, lenye moshi na kelele za mitambo. Baba yake alikuwa msimamizi wa shule za mji huo. Helen alijifunza kurusha ndege akiwa na miaka 20, akapata leseni mwaka 1930, na baba yake akamnunulia ndege ndogo. Hapo tuseme wazi: mlango wa kwanza ulifunguliwa na mfuko wa mzazi. Binti wa kibarua wa kiwandini, hata angekuwa na kipaji maradufu, asingefika hapo kirahisi.

Mwaka 1930 haukuwa mwaka mzuri wa kutafuta kazi yoyote Marekani. Uchumi ulikuwa umeanguka, viwanda vinafungwa, watu wanapanga foleni ya mkate. Marubani wanaume wenye uzoefu walikuwa wengi kuliko viti vilivyopo. Kwa mwanamke mwenye leseni, kazi zilizokuwapo zilikuwa za pembeni: maonyesho ya ndege, mashindano, kufundisha wanafunzi, au kuwa sura ya tangazo la kampuni. Hata Amelia Earhart, rubani mwanamke maarufu kuliko wote wakati huo, alipofanya kazi na shirika la ndege hakuwekwa nyuma ya usukani wa ndege za abiria. Kazi yake ilikuwa kuwavuta watu, hasa wanawake, wakubali kupanda.

Hivyo Helen alifanya walichofanya wenzake, akatafuta jina. Desemba 1933, yeye na mwenzake Frances Marsalis walipaa kutoka Miami, Florida, na hawakutua kwa siku karibu 10. Hesabu kamili ni saa 237 na dakika 42. Ndege yao ilikuwa na jina la bidhaa ya vipodozi, maana kampuni ya vipodozi ndiyo iliyogharimia.

Utauliza, ndege inakaaje angani siku 10 bila mafuta kwisha? Ndege nyingine ilikuwa inakuja juu yao na kushusha mpira wa mafuta. Mmoja wao aliudaka mpira huo kwa mikono, akauelekeza kwenye tangi, huku mwingine akiishika ndege isitikisike. Ndege za wakati ule nyingi zilikuwa zimevikwa kitambaa kilichopakwa dawa kikakaza. Siku moja ncha ya mpira ule ilichana kitambaa hicho. Mpasuko ukiachwa, upepo unaupanua hadi ndege inavuka vipande. Helen akatoka nje, ndege ikiwa hewani, akiwa na sindano na uzi, akashona.

Agosti 1934 akashinda mbio kuu katika mashindano ya ndege ya wanawake huko Dayton, Ohio. Ushindi huo ulikuja na msiba: Frances Marsalis, yule aliyekaa naye angani siku 10, alianguka na ndege yake katika mashindano hayohayo akafa.

Sasa tuache maonyesho kidogo, tueleze mashirika yanavyoajiri, maana bila hilo kisa hiki hakieleweki. Urubani huhesabiwa kwa saa. Kila saa unayokuwa hewani huandikwa kwenye daftari lako, na daftari hilo ndilo cheti chenye uzito kuliko kile cha ukutani. Ukiajiriwa na shirika, huanzi kuwa rubani mkuu. Unaanza kiti cha kulia, rubani msaidizi, kama dereva wa pili wa basi la masafa marefu. Unaruka mchana na usiku, kwenye jua na kwenye ukungu, saa zinaongezeka, na siku moja unahamia kiti cha kushoto. Mashirika madogo yamekuwa mlango wa vijana wengi kwa sababu hiyo: malipo si makubwa, lakini saa zinapatikana. Asiyepewa saa, hata akilipwa mshahara, hasogei.

Je, kwa nini shirika dogo la Pennsylvania lilithubutu kumwajiri mwanamke wakati makubwa hayakuthubutu? Jibu liko kwenye barua za posta.

Wakati huo nauli za abiria peke yake hazikuweza kuendesha shirika la ndege. Fedha ya uhakika ilikuwa mkataba wa serikali wa kubeba barua. Februari 1934 Rais Franklin Roosevelt alifuta mikataba yote, baada ya tuhuma kwamba makampuni makubwa yaligawana njia kwa mapatano ya siri. Wanajeshi wakapewa kazi ya kubeba barua katikati ya baridi kali, bila vifaa vya kutosha wala mazoezi ya kuruka usiku, na marubani kadhaa wakapoteza maisha. Serikali ikalazimika kutangaza zabuni upya. Hapo ndipo Central Airlines, shirika changa, lilipopata njia ya kutoka Washington kupitia Pittsburgh na Cleveland hadi Detroit.

Shirika lililokosa zabuni hiyo, Pennsylvania Airlines, halikuondoka. Liliendelea kubeba abiria kwenye njia ileile. Wakawa kama mabasi mawili yanayogombea abiria stendi moja. Kila upande ulitafuta kitu cha kuwafanya watu waseme jina lake, na Helen Richey alikuwa jina.

Lakini tusimpunguzie. Aliomba kazi, akashindanishwa na waombaji wanaume, akachaguliwa. Hakuwa pambo. Kilichowavutia wakubwa wa Central huenda kilikuwa magazeti, ila aliyeketi kwenye kiti cha kulia alikuwa rubani kamili.

Desemba 31, 1934, siku ya mwisho wa mwaka, alifanya safari yake ya kwanza, Washington hadi Detroit. Ndege ilikuwa Ford Trimotor, yenye injini tatu na mwili wa bati lenye mikunjo kama mabati ya kuezekea nyumba. Picha zikapigwa, habari zikasambaa nchi nzima.

Baada ya hapo mambo yalianza kubadilika.

Marubani wa mashirika walikuwa na chama chao kilichoundwa mwaka 1931, na kilikuwa na nguvu. Kilikuwa na haki ya kuwa na nguvu, kwa maoni yetu: waajiri wa siku hizo walikuwa wanawashinikiza marubani kuruka katika hali mbaya na kuwakata mishahara, na chama ndicho kilichosimama katikati. Lakini chama hicho kilikuwa cha wanaume watupu, na kilipoletewa ombi la Helen, kilimkataa. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba mwanamke hana nguvu za kuimudu ndege ya abiria wakati wa dhoruba. Hoja ambayo haikusemwa kwa sauti hiyohiyo ni kwamba kazi zilikuwa chache, na kila kiti alichokaa mwanamke ni kiti alichokosa mwanaume.

Kisha likaja pigo la pili, na hili lilikuwa kimya zaidi. Wizara ya Biashara ya Marekani, iliyosimamia usafiri wa anga wakati huo, ililishauri shirika lisimrushe Helen na abiria hali ya hewa inapokuwa mbaya. Ushauri huo haukumfukuza. Karatasi zilionyesha bado ni mwajiriwa. Lakini angalia njia yenyewe: kutoka Washington kwenda Pittsburgh unavuka milima ya Allegheny, ambako mawingu, barafu na ukungu ni mambo ya kila wiki katika majira ya baridi. Rubani asiyeruhusiwa kuruka hali ya hewa ikichafuka, kwenye njia kama hiyo, anashinda chini. Na mwajiri gani atampangia ratiba mtu ambaye asubuhi ikiamka na mawingu lazima atafutiwe mbadala?

Ndani ya miezi kama 10, Helen alifanya safari zipatazo 12 tu za kwenda na kurudi. Siku zilizobaki alitumwa kuzungumza kwenye hafla na kupigwa picha. Sindano na uzi alizotoka nazo nje ya ndege huko Miami hazikumsaidia hapa.

Kabla mwaka 1935 haujaisha, alijiuzulu. Amelia Earhart alilalamika hadharani kwa niaba yake, na chama cha kutetea haki za wanawake kilichoongozwa na Alice Paul kikapaza sauti. Magazeti yakaandika kwa muda, kisha yakahamia kwingine. Shirika lenyewe halikudumu kwa jina hilo: mwaka 1936 Central liliungana na mpinzani wake wa ile njia, likawa Pennsylvania-Central Airlines.

Helen hakukaa nyumbani. Alipata kazi serikalini, katika mpango tunaodhani wasikilizaji wetu wa vijijini watauelewa haraka. Marubani wa wakati ule walipotea ovyo, maana miji midogo inafanana ukiitazama kutoka juu. Serikali ikaajiri marubani wanawake wachache, Helen akiwa mmoja wao, wazunguke nchi nzima kuwashawishi viongozi wa miji wapake majina ya miji yao kwa herufi kubwa juu ya mapaa ya maghala na majengo marefu. Rubani aliyepotea akishuka kidogo anasoma jina, anajua aliko. Kazi hiyo iliwasaidia marubani waliopotea, wanaume kwa wanawake.

Mwaka 1936 aliruka pamoja na Earhart katika mbio za Bendix, kutoka New York hadi Los Angeles, wakashika nafasi ya tano. Mwaka huohuo aliweka rekodi ya kupanda juu kwa ndege nyepesi. Baadaye akawa mwalimu wa marubani. Wanafunzi wake wanaume wangeweza kuomba kazi kwenye mashirika ambayo yeye mwenyewe asingepokelewa.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja, marubani walihitajika kuliko walivyopatikana, na ghafla suala la nguvu za mikono ya mwanamke likasahaulika. Mwaka 1942 Helen alikwenda Uingereza na kundi la Wamarekani lililokusanywa na Jacqueline Cochran. Kazi yao ilikuwa kuzitoa ndege za kivita viwandani na kuzipeleka kwenye vikosi, katika anga la Uingereza ambalo mawingu hayaishi. Cochran aliporudi Marekani, Helen ndiye aliyeachiwa kuliongoza kundi hilo. Mwaka 1943 naye akarudi nyumbani, akajiunga na kikosi cha marubani wanawake waliolitumikia jeshi la anga, wanaojulikana kwa kifupi kama WASP. Wanawake zaidi ya 1,000 walirusha ndege katika kikosi hicho. Helen alirusha hata ndege za kudondosha mabomu zenye injini mbili, nzito kuliko ile Trimotor ya Central.

Desemba 1944 kikosi kilivunjwa. Vita vikaisha mwaka uliofuata, na maelfu ya marubani wanaume wakarudi kutoka jeshini wakiwa na madaftari yaliyojaa saa. Mashirika yalikuwa yanakua na kuajiri kwa wingi, kuliko wakati wowote kabla. Yaliajiri wanaume. Helen alikuwa na uzoefu wa karibu miaka 17, alikuwa amewahi kukalia kiti cha shirika la abiria, amefundisha, ameongoza wenzake nje ya nchi. Hakupata kazi ya kurusha ndege.

Januari 7, 1947, alikutwa amekufa katika nyumba yake jijini New York. Ilielezwa kuwa alijiua. Alikuwa na miaka 37.

Mashirika ya abiria yenye ratiba nchini Marekani hayakuajiri mwanamke mwingine wa kudumu katika chumba cha rubani hadi Januari 1973. Safari hii pia aliyefungua mlango hakuwa mkubwa: ni Frontier Airlines, shirika la ukanda la Denver, lililomwajiri Emily Howell, mwalimu wa marubani aliyekuwa ameona wanafunzi wake wakiajiriwa mmoja baada ya mwingine huku maombi yake yakikaa bila jibu. Mwaka 1974 Howell alipeleka ombi la uanachama kwenye chama kilekile cha marubani kilichomkataa Helen. Kilimpokea.