Siti binti Saad na Biashara ya Santuri

Miongoni mwa watu waliozaliwa katika kisiwa hiki cha Unguja na majina yao yakavuka bahari, Siti binti Saad yumo katika safu ya mbele. Wazee wetu humkumbuka kwa sauti yake, na vitabu vya shule humtaja kuwa mama wa taarabu ya Kiswahili. Lakini iko habari nyingine katika maisha yake ambayo haitajwi mara nyingi, nayo ni habari ya biashara. Siku hizi kila kituo cha televisheni hutaka kujua ni watu wangapi wanaotazama kipindi chake, kwa kuwa kipindi ni gharama, na gharama lazima irudi. Katika Afrika ya Mashariki hesabu ya namna hii haikuanza na televisheni. Ilianza na santuri, na santuri zilizoianzisha zilibeba sauti ya mwanamke mfinyanzi wa Fumba.

Siti alizaliwa huko Fumba, kusini ya mji, yapata mwaka wa 1880. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi kwa asili, na mama yake Mzaramo. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Zama hizo utumwa ulikuwa bado unatambuliwa na sheria za Unguja, wala haukuondolewa katika sheria mpaka mwaka wa 1897. Jina la Siti, ambalo maana yake ni bibi mwenye heshima, alilipata baadaye, watu walipokwisha kumjua. Msomaji atazame safari iliyopo kati ya majina hayo mawili, maana yule aliyesafiri ni mtu mmoja.

Hakusoma skuli. Kazi aliyofundishwa nyumbani ilikuwa ufinyanzi. Mama yake alifinyanga vyungu, naye akajifunza kuchimba udongo, kuuponda, kuufinyanga, kuuanika na kuuchoma. Alipokuwa mkubwa alivichukua vyungu vyake akavitembeza kuviuza, na huku akitembea aliimba ili watu wajue kuwa mwenye vyungu anapita. Sauti ile ilisikika mbali, na wateja walimtambua kabla hawajamwona.

Biashara ya chungu ina kanuni moja ambayo inafaa tuikumbuke mpaka mwisho wa habari hii. Chungu cha pili kinataka udongo wake, jasho lake na kuni zake sawasawa na chungu cha kwanza. Mfinyanzi akitaka kuuza vyungu mia hana budi kufinyanga mara mia. Tena chungu kikiuzwa kimekwenda, na mfinyanzi hana ila kurudi kwenye udongo.

Katika mwaka wa 1911 Siti alihama shamba akaja kukaa mjini. Wakati huo mji ulikuwa sehemu mbili, Mji Mkongwe wenye nyumba za mawe, na Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari, walikokaa wachukuzi, mafundi, wavuvi na watu wengi waliotoka katika utumwa. Kule mjini alikutana na Ali Muhsin, mtu wa chama cha Ikhwani Safaa kilichoundwa mwaka wa 1905, naye akamfundisha kuimba kwa kufuata vinanda.

Taarabu ilikuwako Unguja tangu zamani za Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 mpaka 1888. Yeye ndiye aliyempeleka Mohamed bin Ibrahim Misri kujifunza kinanda. Lakini taarabu hiyo ilikuwa ya jumba la mfalme na ya waungwana, na maneno yake yalikuwa ya Kiarabu. Mtu wa Ng'ambo aliweza kuupenda mlio wake, ila wengi hawakujua kinachosemwa.

Siti hakubaki peke yake. Alipata wenzake wanaume ambao majina yao hayafai kusahauliwa: Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo, Maalim Shaaban, na Mbaruku, fundi kipofu aliyetoka Mombasa. Watu hawa walipiga vinanda na kuimba pamoja naye, wakatunga na kuimba kwa Kiswahili. Waliitwa arusini na katika majumba ya wakubwa, na usiku watu walikusanyika nyumbani kwa Siti huko Ng'ambo kusikiliza nyimbo mpya na kutoa maoni yao juu yake. Palikuwa na wenye wivu vilevile. Ulitungwa wimbo wa kumkumbusha kuwa jana alikuwa mwuza vyungu aliyetoka shamba, amevaa kaniki. Naye akajibu kwa wimbo kwamba uzuri wa sura si kitu, na kinachotakiwa kwa mtu ni akili. Jibu hilo likapendwa kuliko masuto yenyewe.

Sasa natuje kwenye habari ya biashara. Katika miaka ya 1920 magramafoni yalikuwa yamekwisha kuenea katika miji ya pwani. Ilikuwa mashine ya kupiga santuri, isiyotaka umeme, ikijazwa kwa mkono kama saa, na sindano yake ya chuma ilibadilishwa kila mara. Wenye mashine hizo walikuwa matajiri, makarani, wenye maduka na wenye mikahawa. Lakini santuri walizoweza kununua zilikuwa za Misri, za Bara Hindi na za Ulaya. Kampuni iliyokuwa ikiuza vitu hivi ilikuwa na faida mbili mbele yake, faida ya mashine na faida ya santuri, na moja ilitegemea nyingine. Mtu hanunui mashine ikiwa hana cha kusikiliza. Ndipo wafanyabiashara wakaona kwamba wakipata sauti ya Kiswahili, watauza mashine kwa watu ambao hawajawahi kufikiria kuinunua.

Kwa hiyo katika mwezi wa Machi, 1928, Siti na wenzake walipanda meli wakaenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya gramafoni yenye alama ya His Master's Voice, ile ya mbwa aliyekaa mbele ya baragumu. Zilikuwa santuri za kwanza za biashara kutolewa na kikundi cha Afrika ya Mashariki. Hawakuwa watu wa kawaida kusafiri, wala mwanamke wa asili yake hakutazamiwa kupelekwa ng'ambo ya bahari kwa gharama za wengine ili aimbe. Walipelekwa kwa sababu kampuni ilikisia kuwa gharama itarudi.

Kazi ya kurekodi zama hizo ilikuwa hivi. Waimbaji na vinanda walikaa mbele ya chombo cha kunasa sauti kwa umeme, ambacho kilikuwa kimeanza kutumika katika kazi hiyo mwaka wa 1925. Sauti ilichorwa juu ya sahani ya nta. Hapakuwa na njia ya kurekebisha kosa moja. Aliyekosea alianza tena. Upande mmoja wa santuri ulichukua muda wa kama dakika tatu tu, nao watu waliozoea kuimba usiku kucha, wakirudia kiitikio kadiri wasikilizaji walivyotaka, iliwabidi wajifunze kupima wimbo kwa saa. Kutoka katika ile nta zilifanywa kalibu za madini, na katika kalibu zikapigwa santuri za kuuzwa kwa utomvu wa wadudu wa Bara Hindi uitwao laki. Kampuni ilikuwa na kiwanda chake cha kazi hii huko Calcutta tangu mwaka wa 1908.

Hapa ndipo tutazame tena chungu. Santuri ya kwanza ni ghali mno: nauli za watu watano, chakula na malazi yao, mafundi, nta na kalibu. Lakini kalibu ikiisha kufanywa, santuri ya pili haitaki ila utomvu na dakika chache za mashine. Siti hakuhitaji kuimba mara elfu ili santuri elfu ziuzwe. Gharama nzito iko mwanzoni, nayo ni ileile wakinunua watu kumi au watu elfu kumi. Wakinunua kumi, kampuni imepata hasara. Wakinunua elfu kumi, gharama ya mwanzo inagawanyika hata haionekani. Hii ndiyo kanuni ya santuri, ya sinema, na ya vipindi vya televisheni hata leo. Kwa sababu hii mwenye mali katika kazi hizi huuliza jambo moja kabla ya mengine yote, nalo ni idadi ya wasikilizaji.

Jibu la Unguja lilikuwa kubwa. Santuri za Siti na wenzake ziliuzwa kwa makumi ya maelfu katika miaka michache, Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu, Dar es Salaam na bara. Kampuni ikarekodi tena, na kwa jumla nyimbo zilizorekodiwa zikapita mia. Makampuni mengine ya ng'ambo, kama Odeon, Columbia na Pathé, nayo yakaingia kutafuta waimbaji wa Kiswahili. Lugha ambayo wenye vinanda vya jumbani hawakuiona kuwa inafaa kwa taarabu ikathibitishwa na daftari la mauzo. Hilo ni jambo zito. Heshima ambayo watu wa Ng'ambo walinyimwa kwa sababu ya nasaba zao, waliipata kwa sehemu kwa kuwa walikuwa wengi, na kwa kuwa walijua wanachokipenda.

Lakini daftari la mauzo lilihesabu mifuko, halikuhesabu masikio. Mchukuzi wa bandarini hakuwa na gramafoni. Alikwenda mkahawani, akanunua kikombe kimoja cha kahawa, akasikiliza santuri ya mwenye mkahawa pamoja na watu wengine. Katika hesabu za Bombay mkahawa mzima ulikuwa mnunuzi mmoja. Hata hivyo ni wale wasiohesabiwa waliomfanya mwenye mkahawa achague santuri hii na aiache ile, maana akipiga isiyopendwa mabenchi yake yatabaki matupu.

Tena daftari halikujua kwa nini watu walizipenda nyimbo hizo. Siti na wenzake waliimba mapenzi, lakini waliimba pia mambo yaliyotokea mjini, wakubwa waliowaonea wadogo, na waume waliowatesa wake zao. Wimbo uitwao Kijiti ulisimulia habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, na mtu aliyeshutumiwa akatorokea Dar es Salaam, na adhabu ikawaangukia wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Kampuni iliuza wimbo huo kama bidhaa. Watu wa Ng'ambo waliusikiliza kama hukumu ambayo mahakama haikuitoa.

Na faida ilikwenda wapi? Ilikuwa kawaida ya makampuni ya zama zile, katika nchi nyingi zilizotawaliwa, kumlipa mwimbaji fedha za kazi ya kurekodi mara moja, kisha kalibu na mapato ya kalibu yakawa ya kampuni. Kwa desturi hiyo mwimbaji hulipwa kama mfinyanzi aliyeuza chungu kimoja, na kampuni huuza chungu kilekile mara elfu. Msomaji anayetaka siku moja kuwa mtunzi, mwigizaji au mwimbaji na alitie moyoni jambo hili, asome mkataba kabla hajatia sahihi.

Soko lenyewe halikudumu. Mwaka wa 1929 biashara ya dunia ilianza kuanguka, na bei ya karafuu ikaanguka pamoja nayo. Katika visiwa hivi karafuu ikishuka, kila kitu hushuka. Mtu asiye na fedha ya nguo hanunui santuri, na katika miaka ya 1930 makampuni yakapunguza sana kazi ya kurekodi katika nchi zetu. Siti hakuacha kuimba kwa sababu makampuni yamepunguza. Waliokuwa wakija nyumbani kwake hawakuwa wametumwa na kampuni.

Siti binti Saad alifariki dunia tarehe 8 Julai, 1950. Shaaban Robert, ambaye alimwuliza habari zake alipokuwa hai, aliandika wasifu wake. Wanawake waandishi wa habari wa Tanzania wakaliita jarida lao Sauti ya Siti. Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude mpaka alipofariki mwaka wa 2013, alijifunza kwa kumsikiliza yeye.

Televisheni ilifika Unguja katika miaka ya mwanzo ya 1970, tena ya rangi, ikiwa chombo cha serikali. Vituo vya watu binafsi vilianza Tanzania Bara mwaka wa 1994, navyo huishi kwa matangazo ya biashara. Katika biashara hiyo mtazamaji halipii kipindi. Mwenye sabuni au simu ndiye anayelipa, na anachonunua ni macho ya watazamaji. Ndiyo maana watazamaji huhesabiwa kwa kuwauliza watu wachache waliochaguliwa kwa niaba ya wengi, na bei ya dakika moja ya tangazo ikapanda au kushuka kwa hesabu hiyo. Kipindi kisicho na idadi huondolewa, hata kikiwa kizuri.

Maisha ya Siti yanatufundisha kuipa hesabu hiyo kiasi chake. Bila hesabu asingevuka bahari, na Kiswahili kisingeingia katika santuri mapema namna ile. Kwa hiyo hatuna haki ya kuidharau. Lakini hesabu ilikuja nyuma yake. Kabla ya kampuni kumjua, alikuwa amekwisha kutumia miaka mingi akijifunza kazi yake mbele ya watu waliomwelewa kila neno. Anayetaka kuhesabiwa na aanze hapo.