Paul Bomani: Aliyewafunza wakulima kushika mizani yao

Na Mwandishi Wetu, Makambako

KILA msimu wa viazi mviringo unapowadia, malori huingia vijijini Njombe na kutoka yakiwa yameshiba magunia. Mengi hupitia Makambako, mji ambako barabara itokayo Songea na Njombe hukutana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya, na ambako reli ya TAZARA nayo hupita.

Magunia mengi hujazwa kupita mdomo wake, yakavishwa kilemba cha kamba kilichoinuka juu. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima hulipwa bei ya gunia moja, ilhali mzigo uliobebwa ni zaidi ya gunia. Sheria ya vipimo inaikataza, na Wakala wa Vipimo umeipiga vita miaka mingi, lakini shambani, mbali na mizani, mwenye lori ndiye mwenye kauli.

Swali la nani ashike mizani si geni katika nchi hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walijiuliza swali hilo hilo, na jibu walilolipata lilizaa mojawapo ya vyama vikubwa vya ushirika kupata kuonekana barani Afrika. Aliyekuwa mbele yao ni Paul Bomani.

Bomani alizaliwa Musoma mwaka 1925, mtoto wa mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato. Mdogo wake, Mark Bomani, alikuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Baada ya masomo, Paul alifanya kazi ya ukarani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha akahamia Mwanza.

Huko ndiko alikoiona biashara kwa ndani. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, lakini bidhaa zilikuwa haba na maduka ya jumla yalikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wenye asili ya Asia. Mwafrika mwenye kiduka alinunua kwa bei aliyopangiwa, kiasi alichogawiwa. Wenye maduka Waafrika wa Mwanza wakaunda chama chao cha ushirika, na mwaka 1947 kijana Bomani, akiwa na umri wa miaka 22, akawa katibu wake.

Haikuchukua muda kubaini kwamba duka la Mwafrika lisingeweza kustawi ikiwa mteja wake, mkulima, anarudi kutoka sokoni na nusu ya haki yake. Fedha ya Usukuma ilikuwa pamba. Mkulima alilima, akapalilia na kuchuma, lakini hakuwa na mizani, ghala wala kinu. Alibeba mzigo hadi kwa mnunuzi mwenye leseni, akasomewa uzito ambao hakuwa na njia ya kuuhakiki.

Hatua ya kwanza haikuwa kubwa wala ya gharama. Wakulima walichanga fedha, wakaajiri wapimaji wao wenyewe. Mkulima alipima pamba yake kwa hao kabla ya kuipeleka kwa mnunuzi, akafika akijua anachodai. Mizani hiyo ya pili iliwafundisha watu jambo ambalo hotuba nyingi zisingeweza kulifundisha: kwamba hasara yao ilikuwa na kiasi, na kwamba ilizuilika.

Kutokana na hapo vikazaliwa vyama vya msingi, kijiji baada ya kijiji, vikaunganishwa katika chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa. Serikali ya kikoloni ilianza kuvisajili mwaka 1953. Bomani akaenda Uingereza, katika chuo cha ushirika cha Loughborough, kujifunza hesabu na uendeshaji. Mwaka 1955 vyama hivyo vikawa na muungano mkubwa, Victoria Federation of Co-operative Unions, uliojulikana zaidi kwa herufi zake, VFCU.

Kufikia Uhuru, ununuzi wa pamba wa kanda nzima ulikuwa umetoka mikononi mwa wanunuzi binafsi na kuingia katika vyama. Muungano ulimiliki pia vinu vya kuchambulia pamba. Mtu aliyekuwa akisomewa uzito sasa alikuwa na hisa katika kinu.

Faida yake haikuwa ya fedha pekee. Kuanzia mwishoni mwa 1954 hadi 1958 TANU ilizuiwa kufanya kazi Usukumani. Katika miaka hiyo, mikutano ya ushirika ilikuwa darasa la kuchagua viongozi, kusoma hesabu na kuuliza maswali hadharani.

Bomani aliingia Serikalini akiwa Waziri wa Kilimo mwaka 1960, na mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha. Kuanzia mwaka 1972 alikuwa Balozi nchini Marekani kwa zaidi ya miaka kumi. Baadaye alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki dunia Aprili 2005.

Alichokijenga hakikudumu kama alivyokiacha. Kadiri muungano ulivyopanuka, ofisi za juu zilizidi kuwa mbali na mwanachama. Watumishi waliongezeka, makato yakaongezeka, na mkulima akaanza kulalamikia mizani ya chama chake kama alivyolalamikia ile ya mnunuzi wa zamani. Kamati maalumu ya Rais iliyochunguza ushirika nchini mwaka 1966 ilikuta ubadhirifu na uongozi dhaifu. Serikali iliingilia kati, VFCU ikavunjwa na mahali pake pakawekwa Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote nchini vilifutwa, vikarejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982 vikiwa vimepoteza mali na imani ya wengi.

Historia hiyo ina pande mbili, na Njombe inazihitaji zote. Upande wa kwanza unaonyesha kwamba kujitegemea hakukuanza na kiwanda wala mkopo mkubwa, bali na mizani iliyolipiwa na wakulima wenyewe, mahali walipoweza kuisoma. Upande wa pili unaonya kwamba mizani ikishakuwa ya chama, lazima mwanachama aendelee kuisoma, pamoja na vitabu vya hesabu.

Viazi, mahindi, chai na parachichi vinaifanya Njombe kuwa miongoni mwa mikoa inayolisha wengi. Lori linapoondoka kijijini kuelekea Makambako likiwa na lumbesa, sehemu ya jasho hilo huondoka bila kulipwa. Wakulima wa pamba waliwahi kuhesabu sehemu hiyo, kilo kwa kilo. Walipoijua, hawakukubali tena kuiacha iende bure.