Mwana wa Chifu Aliyekwenda Roma

Kila niwasikiapo wanafunzi hapa Kitale wakitamani masomo ya ng'ambo, humkumbuka jirani yetu wa Bungoma, marehemu Kadinali Maurice Otunga. Alizaliwa Chebukwa mwaka 1923, mwana wa Chifu Sudi Namachanja, mtu wa wake wengi na mamlaka makubwa. Baada ya seminari ya Gaba, Uganda, alipelekwa Roma mwaka 1947. Huko alisoma pamoja na vijana wa mataifa mengi, akapewa upadri mwaka 1950.

Nyumbani alitarajiwa kurithi uchifu. Akakataa. Wengi hulipita jambo hili haraka. Mimi naliona zito kuliko vyeo vyote vilivyofuata, kwani kwa Wabukusu kiti cha baba si kitu cha kupewa mgongo hivi hivi. Tena hakurudi kutoka Ulaya akiwadharau watu wake, kama wafanyavyo baadhi ya wasomi wetu.

Mwaka 1957 aliwekwa wakfu kuwa askofu, na mwaka 1973 akawa kadinali wa kwanza wa Kenya. Alipostaafu mwaka 1997 hakutafuta jumba. Alihamia Nyumba ya Wazee jijini Nairobi, akaishi miongoni mwa wakongwe maskini hadi alipofariki Septemba 2003.