Kabla ya baiskeli za Butiama, Nyerere aliipiga njia ile kwa miguu

Miaka ya karibuni, kuelekea Oktoba 14, wapo waendesha baiskeli wanaofunga safari kutoka Dar es Salaam hadi Butiama kumkumbuka Mwalimu Julius Nyerere. Ukiwauliza wanaoijua barabara ya kutoka Mwanza, watakwambia hakuna mlima wa kutisha sana pale. Kinachokumaliza ni jua na urefu.

Mwenye mapaja mazuri na baiskeli ya gia huweza kuimaliza ndani ya siku moja. Unatoka Mwanza, Magu, Lamadi, unapita pembeni ya Hifadhi ya Serengeti pale Ndabaka, unaiona Bunda na mlima wake wa Balili, halafu unapanda kuelekea Butiama. Ni zaidi ya kilomita 200.

Sasa, Oktoba 1967 Rais wa nchi aliitembea njia hiyohiyo kwa miguu, akitokea upande wa pili. Alianzia Butiama, akamalizia Mwanza kwenye mkutano mkuu wa TANU. Alikuwa na miaka 45, na wala hapakuwa na lami ya leo.

Kwa nini atembee wakati gari lipo? Februari 5 mwaka ule TANU ilikuwa imetangaza Azimio la Arusha. Kiongozi hakuruhusiwa tena kuwa na mishahara miwili, hisa kwenye makampuni wala nyumba ya kupangisha. Wakubwa wengi walinuna. Mtaani tayari waliitwa wabenzi.

Vijana wao waliingia barabarani, mkoa hadi mkoa, kuliunga mkono Azimio. Mmoja wao, Seth Benjamin, alitoka Arusha kwenda Dar es Salaam. Hakufika. Alifia njiani.

Ukiliweka hilo kichwani, matembezi ya Mwalimu hayaonekani tena kama ya kupigia picha. Kijana ameshakufa kwa ajili ya karatasi uliyoiandika wewe, halafu wewe uende mkutanoni umekaa siti ya nyuma? Alitembea siku baada ya siku, wanavijiji wakimsubiri njiani, wengine wakiungana naye.

Kutembea hakukuwa kugeni kwake. Alizaliwa Aprili 13, 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na Mgaya Nyang'ombe, mmoja wa wake wengi wa chifu. Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, alianza shule ya bweni Mwisenge, Musoma, zaidi ya kilomita 30 kutoka nyumbani. Enzi hizo umbali kama huo watu waliumaliza kwa miguu tu.

Halafu kuna Nyegina, ambayo wengi wanaisahau. Iko nje kidogo ya Musoma, na misheni yake ilikuwa ya White Fathers. Baba yake alifariki 1942. Desemba 23, 1943, kijana akiwa tayari mwanafunzi wa Makerere, alibatizwa hapo Nyegina na kuchukua jina la Julius. Yaani jina tunalolijua wote lilianzia pale. Kabla ya hapo aliitwa Kambarage.

Baadaye mambo yalikwenda haraka: ualimu Tabora, masomo Edinburgh, ndoa na Maria mwaka 1953, ualimu tena Pugu, TANU Julai 7, 1954.

Lakini 1955 inafaa kusimamiwa kidogo. Akiwa ametoka kuitetea Tanganyika Umoja wa Mataifa, New York, alitakiwa achague kati ya chaki na siasa. Akaacha kazi, mshahara ukakatika, na nyumbani kuna familia. Akarudi Mara. Kwa miezi kadhaa aliishi kwa kuwafundisha Kizanaki mapadri wa Maryknoll, kisha akarudi Dar es Salaam kuendelea na mapambano. Miaka sita baadaye nchi ikawa huru.

Azimio lenyewe halikuzaa kila lililotarajiwa. Vijiji vya Ujamaa viliwahamisha watu wengi kwa nguvu, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 foleni za sukari na sabuni zilikuwa jambo la kawaida. Anayemsifia Mwalimu bila kuyataja hayo anamsifia nusu.

Aliachia urais 1985 na kurudi Butiama kulima. Alifariki London Oktoba 14, 1999, akazikwa Mwitongo, kijijini kwake, Oktoba 23.

Kaburi liko hapohapo, na wageni wanaruhusiwa. Ukifika kwa baiskeli na miguu bado inadai, lala Butiama, kesho yake teremka Musoma. Pita Mwisenge ilipo shule yake, halafu ulizia njia ya Nyegina.