Krabbe: Daktari wa mifugo aliyewaepusha watu wa Iceland na tegu wa mbwa

HARALD Krabbe alikuwa daktari wa mifugo. Hata hivyo, watu wa Iceland walimhitaji yeye kuliko tabibu yeyote.

Alizaliwa mwaka wa 1831 nchini Denmark, iliyotawala Iceland nyakati hizo. Wengi kisiwani humo waliugua maradhi ya vifuko vya maji, ambavyo hukua polepole ndani ya ini au mapafu, kwa miaka mingi, hadi tumbo likafura.

Mnamo 1863 Krabbe alisafiri kwenda huko kuchunguza. Aliwapasua mbwa 100, akakuta 28 wana tegu asiyezidi urefu wa punje ya mchele. Yeye na daktari Jón Finsen waliwalisha mbwa vifuko vilivyotolewa kwa wagonjwa, na tegu yuyo huyo akapatikana matumboni mwao. Mzunguko ukawa wazi. Mbwa hula maini ya kondoo mwenye vifuko, kisha hutoa mayai ya tegu kwa kinyesi. Mayai hushika nyasi, maji na manyoya, nao kondoo huyala. Vivyo hivyo mtoto anayecheza na mbwa kisha akala bila kunawa.

Kujua chanzo hakukutosha. Dawa ya ugonjwa haikuwapo, na mfugaji wa kondoo hangeweza kuishi bila mbwa. Krabbe aliandika kijitabu kilichochapishwa 1864 na kugawiwa wananchi, akiwasihi wazike au wateketeze viungo vyenye vifuko na wapunguze mbwa. (Si ajabu kwamba baadaye alimwoa binti wa mhariri wa gazeti la Iceland.) Sheria ya mwaka wa 1869 ilitoza kodi ya mbwa na kuagiza viungo hivyo viharibiwe.

Alipofariki mwaka wa 1917, maambukizi mapya yalikuwa yamepungua mno, na hatimaye ugonjwa ulitokomezwa.

Hapa Kenya, Turkana imewahi kuhesabiwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi duniani. Shirika la AMREF lilianzisha kampeni huko mnamo 1983, ikiwemo kuwapa mbwa dawa ya minyoo, silaha ambayo Krabbe angeitamani. Lakini Turkana si kisiwa: wafugaji, pamoja na mbwa wao, huvuka mipaka ya Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia wakifuata malisho.