Clemens von Pirquet, daktari aliyetupa neno aleji

Msimu wa kupulizia mikorosho ukifika Mbekenyera, wilayani Ruangwa, kikohozi na macho mekundu havikosekani. Vumbi la salfa huwasha koo la mtu yeyote. Mafuta ya ganda la korosho huunguza mikono ya wabanguaji. Na wapo wachache ambao wakila korosho moja tu, midomo huvimba. Yote haya tumezoea kuyaita aleji, au mzio, ingawa si yote. Leo tunasimulia maisha ya daktari aliyetuachia neno hilo.

Clemens von Pirquet alizaliwa Mei 12, 1874, karibu na jiji la Vienna, Austria. Alianza kwa kusoma theolojia na falsafa, kisha akageukia udaktari na kuhitimu mwaka 1900. Baadaye alifanya kazi katika hospitali ya watoto ya Vienna.

Wakati huo dondakoo liliua watoto wengi. Dawa yake ilikuwa serumu iliyotokana na damu ya farasi. Iliokoa maisha, lakini baadhi ya watoto walipata homa, vipele na maumivu ya viungo siku kadhaa baada ya sindano. Pirquet na mwenzake, Béla Schick, waligundua kuwa mtoto aliyechomwa tena baada ya muda aliugua upesi kuliko mara ya kwanza. Walieleza kwamba mwili ulikuwa umeikumbuka serumu ile, na kinga yenyewe ndiyo iliyoleta ugonjwa. Kitabu chao kilitoka mwaka 1905. Mwaka 1906 Pirquet aliunda neno aleji kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya kingine na kazi, yaani mwili unaofanya kazi kwa namna nyingine.

Mwaka 1907 alitumia wazo hilohilo kupima kifua kikuu kwa kukwaruza ngozi na kutazama kama itavimba. Mwaka 1911 akawa mkuu wa kliniki ya watoto Vienna. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alisimamia mpango wa kulisha watoto wa Austria waliokuwa na njaa. Yeye na mkewe walijiua Februari 28, 1929. Alikuwa na umri wa miaka 54.

Kwetu sisi, somo lake kubwa ni ile mara ya pili. Chakula au dawa iliyokuletea vipele leo inaweza kukuletea makubwa zaidi kesho, hata kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo usijaribu tena ili kuhakikisha. Kumbuka jina la dawa hiyo, liandikwe kwenye daftari lako la kliniki, na umtajie mhudumu kabla ya kila sindano. Salfa inayomkohoza kila mtu shambani ni jambo jingine: hiyo inahitaji kitambaa kizuri puani, miwani, na kusimama upande upepo unakotoka.

Lakini ulimi au koo likivimba, mtu akahema kwa shida au akazimia baada ya kula, kuumwa na nyuki au kuchomwa sindano, msisubiri kuche. Mkimbizeni kituo cha afya mara moja. Huko ipo sindano ya adrenalini, na dakika chache zinaweza kuamua uhai wake.